Gari la familia linakula maji, nitengeneze au niuze?

mama_wawili: Habari wakuu, gari letu ni la 2006, limeshatembea kilomita 210,000, injini haisumbui ila siku hizi kila wiki naongeza maji kwenye rejeta na chini sioni linapovujia. Ndo linapeleka watoto shule, sasa nawaza nitengeneze au niuze mapema?

spana14: Usiuze kwanza dada. Asubuhi injini ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa oili, ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, au ekzosi inatoa moshi mweupe mzito hata injini ikishapata moto, hiyo ni gasketi ya silinda hedi (ile ya kuziba kati ya injini na kichwa chake cha juu), lipaki kabisa maana hedi ikipinda gharama zinapaa. Kama hamna hayo, fundi apime presha ya rejeta, mara nyingi unakuta ni wota pampu au mfuniko tu. Na weka kulanti (maji maalumu ya rejeta) jamani, maji ya bomba yanaleta kutu.

dereva_mzee: Uliza pia kama injini ni ya belti au cheni ya taimingi, ile inayozungusha vavu. Kama ni taimingi belti na haijulikani ilibadilishwa lini, badilisha tu, nyingi mwisho wake ni kama kilomita 100,000, ikikatika, kwenye injini nyingi vavu zinagongana na pistoni.

mama_wawili: Asanteni sana, oili iko safi, kesho napeleka wapime presha. Na tairi je, zinaonekana nzima bado, nitajuaje kama zimezeeka?

spana14: Soma tarakimu nne pembeni mwa tairi, mwisho wa namba inayoanza na herufi DOT, 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Zikipita miaka 10 toa hata kama kashata (meno ya tairi) zipo.