Mjadala: Ruzuku ya vifaa vya usalama kwa mafundi wa Tanga, inamsaidia fundi au inamlipia bosi deni lake?

Fundi wa Mikanjuni
Habari za jioni ndugu zangu. Kikundi chetu tuko 14, mafundi na saidia fundi. Tunachukua kazi ndogondogo Mikanjuni, Makorora na Duga, na siku nyingine tunaitwa kwenye saiti kubwa kama deiwaka, yaani vibarua wa kutwa. Tunataka kutafuta ruzuku tununue mabomba ya jukwaa, kofia ngumu, buti na mikanda ya kujifunga tukiwa juu. Mwenzetu mmoja kagoma kusaini barua. Anasema Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imemtwika mwajiri vifaa hivyo, kwa hiyo tukiomba sisi tunamlipia bosi deni lake. Mnasemaje?

Mama Zege
Mwenzenu ana haki. Mkishanunua wenyewe, kesho fomeni atasimama getini aseme asiye na buti zake arudi nyumbani. Mimi hilo nimeambiwa kwa mdomo, si hadithi ya kusikia. Ruzuku ikizoeleka, wajibu unahama kimyakimya.

Kaka wa Raskazone
Mnazungumza kana kwamba mwajiri ni mkandarasi tu. Anayejengewa vyumba viwili Duga ni mwalimu mstaafu, ananunua saruji mifuko mitano mitano kila pensheni ikiingia. Huyo naye mtamdai jukwaa la chuma?

Ruzuku si aibu. Jimbo la Ohio kule Marekani, shirika la serikali linalolipa fidia ya wafanyakazi linatoa ruzuku ya vifaa vya kuzuia ajali: mwajiri akiweka dola 1, wao wanaweka 3, mpaka dola 40,000. Sababu yao ni ya hesabu tu. Mguu ukivunjika wanaolipa ni wao, basi bora wachangie reli ya jukwaa mapema. Na sisi tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, umeanza 2015, na sheria yake inataja pia kuzuia ajali, si kulipa tu. Huko ndiko tungepeleka hoja.

Lakini niseme na hili. Nilinunua kofia 20 kwa vijana wangu, mwezi haukuisha zimebaki 6. Moja niliikuta kwenye soko la samaki la Deep Sea imejaa dagaa. Ruzuku kwa watu wasiotaka kuvaa ni kumwaga maji mchangani.

Saidia Fundi
Kaka, umenigusa pabaya. "Wasiotaka kuvaa" ni akina nani? Mimi nabeba karai la zege kichwani kuanzia saa moja asubuhi, ngazi juu ngazi chini. Karai linakaa juu ya ngata. Sasa niambie, nikivaa kofia yako, ngata inakaa wapi?

Kaka wa Raskazone
Sikusema wote. Nimesema nilichokiona kwa macho yangu.

Bint Pangani
Ulichokiona ni kofia yenye dagaa. Hukuona kilichoifikisha pale. Kijana huyo Jumamosi alilipwa?

Kaka wa Raskazone
Bibie, mimi nalipa kila Jumamosi kabla ya alasiri, uliza yeyote Raskazone. Usinipake matope usiyoyajua.

Bint Pangani
Sijakupaka. Nimeuliza. Mume wangu ameshauza buti alizopewa saiti kwa sababu ujira wa wiki mbili ulikuwa "unakuja". Watoto hawali buti.

Mwana Ngamiani
Tuache dagaa jamani. Si kuna ruzuku ya asilimia 10 ya halmashauri? Kikundi kijisajili, kichukue.

Karani wa Kata
Ndugu, ile si ruzuku, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, kutoka mapato ya ndani ya halmashauri. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Nakereka kila mara mtu anapoiita ruzuku, kwa sababu wanakikundi wanaamini hivyo, wanagawana, halafu marejesho yanawagombanisha. Fundi wa Mikanjuni, mkienda huko, andikeni mtakavyorejesha. Kofia hairejeshi mkopo. Jukwaa mnaloweza kukodisha linarejesha.

Mwana Ngamiani
Sawa, nimekosea jina. Na Wajapani je? Ile ya Kusanone, ya ubalozi wa Japani kwa miradi midogo ya jamii.

Karani wa Kata
Ile ni ruzuku kweli, lakini mara nyingi utaikuta kwenye madarasa na zahanati. Haikukusudiwa kikundi kinachofanya kazi kwa faida yake. Mngepitia chuo au asasi isiyo ya faida inayofundisha mafundi. Hata Marekani kuna ruzuku ya Susan Harwood, ni ya mafunzo, inakwenda kwa asasi zisizo za faida zikiwemo vyama vya wafanyakazi na vyuo. Kabla ya kuandika barua, ulizeni fedha hii inanunua mafunzo au inanunua chuma. Barua inaweza kukataliwa kwa sababu tu mwombaji ameomba chuma kwenye mfuko wa mafunzo.

Mzee Katani
Wanangu, mimi nilianguka 2011. Ghorofa ya pili, hapahapa mjini, saiti ya mtu sitamtaja. Jukwaa lilikuwa la mirunda iliyofungwa kwa kamba ya katani, na kamba ilikuwa imenyeshewa vuli nzima. Katani ikilowa na kukauka, ikilowa na kukauka, kwa nje unaiona nzima, ndani nyuzi zimekuwa unga. Tulikanyaga ubao mmoja uliotoka kwenye shata, zile mbao za kumwagia zege, bado una misumari na zege limeganda. Sikusikia kamba ikikatika. Nilisikia ndoo ya plasta ikifika chini kabla yangu.

Bosi alinipa elfu hamsini na bajaji ya kwenda hospitali. Goti hili mpaka leo sikunji vizuri kwenye swala, naswali kwenye kiti. Kofia nilikuwa nimevaa. Kwa hiyo mnapogombania kofia, mimi nawaza kamba.

Mama Zege
Shikamoo mzee. Pole sana.

Saidia Fundi
Shikamoo baba. Leo ungedai kwenye ule Mfuko wa Fidia.

Mzee Katani
Marahaba. Ningedai kwa jina gani? Sikuandikwa popote.

Mama Zege
Hapo ndipo penye kidonda. Mchango wenyewe ni asilimia 0.5 ya mshahara, analipa mwajiri, hakatwi mfanyakazi. Na bado deiwaka haandikwi hata kwenye daftari la fomeni. Kaka wa Raskazone, wewe unawaandika?

Kaka wa Raskazone
Wale wa kudumu, ndiyo. Deiwaka anakuja leo, kesho yuko Chongoleani kwenye bomba la mafuta. Namwandika vipi?

Bint Pangani
Kwa kalamu. Jina, siku, alichofanya, ulichomlipa.

Kaka wa Raskazone
Bibie, una hasira na mtu mwingine, unanimalizia mimi.

Bint Pangani
Huenda. Lakini mwandike.

Fundi wa Mikanjuni
Nimesoma yote, na yule mwenzetu aliyegoma nimemsomea hapa barazani. Ya kofia hataki kuyasikia, anasema hizo bosi anunue na sheria imsimamie. Ila ya mzee yamemgusa. Anasema yuko tayari kusaini tukifuta kofia na buti kwenye barua, tubaki na mabomba, mbao za jukwaa tatu kwa upana badala ya ubao mmoja, reli za pembeni na kapi la kupandishia zege. Viwe mali ya kikundi. Kwa mwalimu mstaafu tunafunga jukwaa letu wenyewe, mkandarasi akilitaka analikodi, na gharama hiyo aiweke kwenye makadirio yake ya tenda. Karani, hapo ni mkopo au ruzuku?

Karani wa Kata
Jukwaa ni mkopo, kwa sababu linaingiza pesa. Mafunzo ya kulifunga na kulikagua kila asubuhi tafutieni ruzuku kupitia chuo. Andikeni barua mbili, msichanganye.

Saidia Fundi
Kapi hilo liwe la kwanza kwenye orodha. Likipandisha zege lenyewe, kofia nitavaa kutwa nzima. Kaka wa Raskazone, swali langu la ngata bado hujalijibu.

Kaka wa Raskazone
Sina jibu lake. Nilinunua kofia na sikuwahi kumuuliza mbeba karai. Hilo kapi mnalipata wapi, na linabeba kilo ngapi?