Marubani wa mashirika makubwa, sisi tulikuja kwenye mstari wenu wa mabango. Mbona kwetu mlipita tu?

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimesubiri wiki mbili nzima ili hasira ipoe kabla sijaandika, na haikupoa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ni rubani huku Marekani, kapteni wa ndege ya viti 76 katika shirika dogo linalorusha safari kwa niaba ya shirika kubwa. Ubavuni mwa ndege yangu limeandikwa jina la shirika kubwa kwa maandishi ambayo hata mtoto anayasoma akiwa dirishani, na jina la mwajiri wangu limeandikwa kwa herufi ndogo karibu na mlango. Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu mlio katika kazi hii, mkiwamo mliokwisha kuvuka kwenda upande mkubwa, pamoja na vijana mnaoniuliza kila mara kama njia hii inafaa.

Mwaka 2022, marubani wa shirika kubwa tunalolirushia walipokuwa wakidai mkataba mpya, nilikwenda kusimama nao nje ya uwanja wa ndege. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilivaa sare na kofia, nikashika bango, nikasimama juani saa tatu, kwa sababu niliamini kuwa mstari wao ni wangu pia. Mwaka uliofuata mikataba ilianza kupatikana. Ule wa shirika kubwa la Delta wa Machi 2023 uliongeza mishahara kwa asilimia 34 katika muda wa miaka minne, na mingine mikubwa ikafuata. Nilifurahi kwa dhati, bila kijicho.

Mwezi uliopita ikawa zamu yetu. Majadiliano yetu yamekwama kwa zaidi ya miaka miwili, na kwa kuwa sheria ya kazi za reli ya mwaka 1926, ambayo tangu 1936 inayahusu mashirika ya ndege pia, haituruhusu kugoma mpaka bodi ya usuluhishi ya serikali itufungulie mlango, silaha tuliyobaki nayo ni bango na miguu yetu. Tulisimama mahali pale pale nilipokuwa nimesimama na wao. Marubani wa shirika kubwa walipita asubuhi nzima wakivuta mabegi yao, wengine wakijifanya wanasoma simu. Waliosimama nasi walikuwa wanne, na nawashukuru wanne hao kwa moyo wote. Kapteni mmoja, aliyevaa shingoni utepe wa chama cha marubani kile kile ninachokilipia ada kila mwezi, alituambia mbele ya marubani wasaidizi wetu: "Mkitaka mishahara yetu, ombeni kazi kwetu. Nyinyi ndio mliotushushia bei."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu si ya kweli, na ukweli wenyewe umo katika mikataba ambayo yeye na wenzake waliipigia kura.

Kwa wasiojua mambo yanavyokwenda, mkataba wa marubani wa kila shirika kubwa una kipengele kinachoweka mpaka: ndege za ukubwa gani ni lazima zirushwe na wao wenyewe, na zipi shirika linaweza kumpa mkandarasi. Leo mpaka huo kwa Delta, United na American ni viti 76 na uzito wa kurukia usiozidi pauni 86,000. Hakuna rubani wa shirika dogo aliyeketi mezani namba hizo zilipoandikwa. Ziliandikwa na kampuni pamoja na wawakilishi wa marubani wa shirika kubwa, halafu zikapigiwa kura na marubani wa shirika kubwa. Ndege za viti 50 zilipoingia kwa wingi miaka ya 1990, wengi wao hawakuzitaka, kwa kuwa waliziona ni ndogo mno kwa hadhi na mshahara wao. Baadaye, United ilipoingia katika ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwaka 2002, na Delta na Northwest zikafuata siku moja mwezi Septemba 2005, mpaka ulisogezwa juu, viti vikafika 70 na kisha 76. Najua walifanya hivyo wakiwa wamekabwa koo, na najua kuwa katika dhiki ile marubani wa United na wa Delta walipoteza hata pensheni zao. Siwalaumu kwa kukabwa. Nawalaumu kwa kutusimulia leo kuwa sisi tulivunja ukuta, ilhali mlango ulifunguliwa kutoka ndani na ufunguo walikuwa nao wao.

Kazi ilipotolewa nje kwa mkandarasi wa bei ya chini, yule mkandarasi alipaswa kuendelea kuwa wa bei ya chini, na hapo ndipo sisi tulipoanza kugonganishwa. Mwaka 2013 marubani wa PSA, shirika dogo linalomilikiwa na kampuni mama ya American, walikubali kubanwa katika malipo ili shirika lao lipewe ndege mpya kubwa zaidi. Mwaka uliofuata marubani wa Envoy, shirika dogo jingine la kampuni mama ile ile, walipoukataa mkataba wa kubanwa vivyo hivyo, walielezwa wazi kuwa ndege zingepelekwa kwingine. Ndugu wawili wa baba mmoja wanashindanishwa nani atakubali kula kidogo, kisha jirani anakuja kuwatukana kuwa wao ndio walioleta njaa mtaani!

Wapo waliojaribu kulitatua jambo hili kwa njia ya haki. Marubani wa Comair, shirika dogo la Cincinnati, baada ya shirika lao kununuliwa na Delta, waliomba pamoja na wenzao wa ASA, shirika dogo jingine lililonunuliwa na Delta, waingizwe katika orodha moja ya ukongwe kazini na marubani wa Delta. Wote walikuwa wanachama wa chama kimoja, na chama hicho kilikataa. Mwaka 2001 marubani wapatao 1,350 wa Comair waligoma kwa siku 89, na mwaka huo huo baadhi yao wakakishtaki chama chao wenyewe, wakisema kuwa kinajadili mipaka ya kazi yao bila wao kuwapo. Comair ilifungwa Septemba 2012. Ndugu zangu, orodha ya ukongwe ndiyo maisha ya rubani: ndiyo inayoamua ndege atakayorusha, kituo atakachokaa, kama Idi ataila nyumbani au hotelini. Shirika likifungwa, orodha inakufa nalo. Mwaka 2020 yalifungwa mashirika madogo ya Trans States, Compass na ExpressJet, na watu waliokuwa na ukapteni wa miaka 15 wakaanza upya chini kabisa, nyuma ya vijana waliowafundisha wenyewe.

Kuna anayeona kuwa huu ni ugomvi wa mishahara tu. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya shirika dogo la Colgan, iliyobeba abiria waliokata tiketi za shirika kubwa la Continental, ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Wachunguzi walitaja namna kapteni alivyoishughulikia ndege kuwa ndicho chanzo, nami sibishani nao. Lakini vikao vya uchunguzi huo ndivyo vilivyoonyesha umma kuwa rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle hadi kituo chake cha kazi Newark, na kuwa kapteni alikuwa amelala katika chumba cha wafanyakazi uwanjani, na Wamarekani wakashangaa kusikia jinsi tunavyolipwa. Kutokana na kilio cha familia za marehemu ilitungwa sheria ya mwaka 2010, na kuanzia 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria akatakiwa, kwa kawaida, kuwa na saa 1,500 za kuruka. Uhaba wa marubani uliofuata baadaye ndio uliotuongezea mishahara, hata Juni 2022 mashirika madogo ya Envoy, Piedmont na PSA yakatangaza kumlipa anayeanza dola 90 kwa saa. Na hiyo saa, kwa asiyejua, haihesabiwi ukiwa unaikagua ndege kwenye theluji wala ukiwasubiri abiria wa kuunganisha. Kwa kawaida huanza milango ikishafungwa na ndege ikaanza kutoka langoni.

Kapteni yule aliyetutukana kwenye mabango atakuwa na umri wa miaka sitini hivi, kwa hiyo anaujua mgomo wa United wa mwaka 1985. Kampuni ilitaka kuwalipa marubani wapya kwa kiwango cha chini, na marubani wa zamani, ambao mishahara yao haikuguswa, waligoma siku 29 kuwatetea watu ambao hata hawajaanza kazi. Na vijana 570 waliokuwa mafunzoni, bila namba kwenye orodha na bila ulinzi wowote, walikataa kuvuka mstari wa wagomaji na kuingia kazini ingawa kampuni iliwategemea wavuke. Sisi tulioko kwenye ndege za viti 76 ndio hicho kiwango cha chini ambacho wazee wenu walikigomea. Kilipitishiwa mlango wa nyuma, kikapakwa rangi zenu.

Ninachodai ni kitu cha mezani. Majadiliano yenu yajayo yakifunguliwa, wekeni dai la kuzirudisha ndege hizi katika orodha yenu pamoja na watu wanaozirusha, kwa ukongwe wao. Na wawakilishi wetu waitwe kila mara kipengele cha mpaka kinapojadiliwa, maana ni kazi yetu inayokatwa pale.

Tutasimama tena Jumatano ijayo mlango ule ule, kuanzia saa tatu asubuhi, na mabango ya ziada yapo. Anayetaka kunipinga hapa anijibu swali moja kwanza: ni rubani gani wa shirika dogo aliyepiga kura ya viti 76?