Naomba ushauri: mdogo wangu, makasia na masomo Cambridge

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza Cambridge, na chuo chake (kimoja cha vyuo vidogo vilivyomo ndani ya chuo kikuu hicho) kinamtaka kwenye mashua yake ya mashindano ya makasia ya Juni. Mto Cam ni mwembamba, mashua haziwezi kwenda sambamba, kwa hiyo zinajipanga moja nyuma ya nyingine na kila moja inaifukuza ya mbele mpaka iiguse. Siku nne mfululizo, na upinzani wa vyuo ni mkali kwelikweli! Ninachohofia ni mazoezi ya alfajiri kuangukia msimu wa mitihani, na muhula wenyewe wiki nane tu. Anaupenda mchezo huu mno, sitaki kumvunja moyo. Mliosoma huko, akubali au asubiri mwakani?