Mrejesho: stoo imepumua

Jamani, nimerudi. Niliwauliza nivifanye nini vifaa vya baiskeli vilivyojaa stoo tangu goti langu lilipogoma. Fundi mmoja wa Kongowea kachukua magurudumu na pampu kwa shilingi 1,500. Mimi nilitaka 3,000, lakini alipitisha kidole kwenye spoku kikatoka chekundu kwa kutu. Hewa ya chumvi hapa Mombasa haina huruma! Tyubu kuukuu kazitaka bure, akazikata papo hapo kuwa mipira ya kufungia mizigo.

Helmeti niliyoanguka nayo sikumpa mtu, nimeivunja nikaitupa. Povu la ndani likishapasuka halikingi kichwa tena.

Viatu vya kunasa kwenye pedali havijapata mteja. Kimoja mke wangu keshakitia udongo, kapanda mrehani.