Mfumo wa kikoba umegoma baada ya kuhamia seva, naomba ushauri kabla ya Jumapili

Mjukuu wa Isyonje: Wakuu, heshima kwenu. Nina mfumo mdogo wa kikoba chetu hapa Uyole, wanachama 40, nimeuandika mwenyewe kwa PHP, data ziko kwenye databesi ya MySQL. Kwenye laptopu yangu ya Windows ulikuwa unakwenda kama maji. Jumapili iliyopita nimeuhamishia seva ya kukodi, mbele ya kikao ukurasa wa mikopo ukagoma. Unasema jedwali halipo, na mimi naliona kwa macho! Jumapili hii tunakutana tena, sina amani kabisa.

Kamwene_2: Kamwene. Bora wewe limepotea jedwali. Sisi Makambako sanduku lilikuwa na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Tukaja kugundua wote watatu ni ukoo mmoja.

Fundi Mafiati: Weka jina la jedwali na mstari unaoliita.

Mjukuu wa Isyonje: Jina la kawaida tu mkuu, neno moja la Kiswahili, halina hata nafasi katikati. Nadhani shida ni seva.

Fundi Mafiati: Mgonjwa unamficha daktari kidonda. MySQL ikiwa kwenye Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya majedwali. Kwenye Windows haijali, tena huyahifadhi yote kwa herufi ndogo. Kwa hiyo msimbo wako ukiita "Mikopo" na jedwali ni "mikopo", Windows ilikuwa inakusitiri. Haya, jina?

Mjukuu wa Isyonje: Wezi.

Kamwene_2: 😂😂😂

Mjukuu wa Isyonje: Nisikilizeni kwanza. Ilikuwa saa nane usiku, nina hasira, watu 11 hawarejeshi tangu msimu wa viazi. Ni jina halali, MySQL yenyewe imelipokea. Nani angeliona? Sasa Jumapili TV ya ukumbi ikaandika wazi kwamba jedwali la kikoba.Wezi halipo.

BintiTukuyu: Si habari njema hiyo? Wezi hawapo. Mngefunga kikao kwa sala.

Mzee wa Mbolea: Kijana, mdaiwa si mwizi. Mimi nimekopa mbolea, kiazi kikashuka bei hadi gunia likawa halilipi hata usafiri. Nilichelewa, nikalipa. Leo nikute mtoto kaniandika mwizi kwenye kompyuta?

Mjukuu wa Isyonje: Shikamoo mzee. Nimekuelewa, ila jina liko kwenye mafaili zaidi ya 60. Na nimeshawaeleza kwenye grupu la WhatsApp kwamba WEZI ni kifupi: Wanachama Endelevu wa Zamu ya I. Nisaidieni tu lisome bila kulibadili.

BintiTukuyu: Na zamu ya II ni Wezii?

Kamwene_2: Usicheke, mimi stoo ya viazi niliita jedwali `2019`. Jina la tarakimu tupu MySQL inalikubali ukilifungia kwenye hizo alama. 2020 nikatengeneza lingine, 2021 lingine. Bosi akataka mauzo ya miaka yote kwenye karatasi moja, nilikesha siku mbili.

Mtazamo Hasi: Hii chai, tena mbichi kutoka Mufindi. Akaunti ya jana, kikoba chenye TV, halafu kosa la databesi litokee hadharani? Seva za kukodi huficha makosa.

Fundi Mafiati: Zinaficha kama display_errors, swichi ya PHP ya kuonyesha makosa kwenye ukurasa, imezimwa. Mjukuu, kuna jedwali lingine lililogoma?

Mjukuu wa Isyonje: Lipo, `groups`, la vile vikundi vya watano watano wanaodhaminiana. Hilo halisemi halipo, linasema nimekosea sintaksia. Laptopu ina MySQL toleo la 5.7.

Fundi Mafiati: Basi si chai. Seva itakuwa na toleo jipya zaidi: kuanzia 8.0 `groups` ni neno lililotengwa kwa amri za MySQL yenyewe, pamoja na `rank`. Ama ulifungie kwa alama kila mahali, ama uliite vikundi.

Mtazamo Hasi: Anayeyajua hayo ndiye anayeweza kuitunga. Na mtu mzima hahangaiki hivi kwa wadaiwa 11. Kuna kitu.

Mjukuu wa Isyonje: …Mmoja wao ni mama mkwe mtarajiwa. Barua ya posa wamepokea mwezi uliopita.

Kamwene_2: Nimeishiwa bando kwa kucheka.

Mzee wa Mbolea: Jumamosi nenda na mshenga wako. Laptopu iache nyumbani.

Fundi Mafiati: Turudi kwenye kazi. Usihangaike na lower_case_table_names, ule mpangilio wa herufi kubwa na ndogo, kwenye 8.0 hupangwa siku seva inaanzishwa, basi. Chukua bekapu, kisha RENAME TABLE wezi TO wadaiwa. Funguo za kigeni, yaani viungo vya majedwali mengine vinavyolielekea, zitafuata zenyewe. Mafaili 60 ni tafuta-na-badili, uwe makini na neno "mwezi" na mengine yenye herufi hizo ndani. Na uzime display_errors leo hii, hata kabla ya kula.

Mjukuu wa Isyonje: Nimefanya, wakuu. Ukurasa umefunguka! Ndaga fijo.

BintiTukuyu: Shem, la mahari umeliitaje?

Mjukuu wa Isyonje: Naomba uzi ufungwe.