Naomba ushauri: "kila A ni B" inabeba dai kwamba A wapo?

Wakuu, habari zenu. Nakwama kwenye kusahihisha hoja za muundo huu: kila A ni B; kila A ni C; basi baadhi ya B ni C.

Mantiki ya Aristotle inaipitisha. Kwenye duara tatu za Venn (duara zinazopishana, kila moja ikiwa kundi moja) inagoma: ukitia kivuli, yaani kuonyesha hakuna kitu, sehemu ya A iliyo nje ya B, kisha iliyo nje ya C, kinabaki kipande cha katikati, lakini hakina alama ya kuonyesha kuna kitu. Na mfano wa kuivunja upo: kila farasi mwenye mabawa ni farasi, kila farasi mwenye mabawa ana mabawa, basi baadhi ya farasi wana mabawa. Kauli mbili za mwanzo hazina kosa, hitimisho ni uongo mtupu.

Nimejaribu kuongeza kauli ya tatu, "A yupo walau mmoja", na hoja inasimama. Shida ni kwamba kati ya miundo 24 ya hoja za kauli mbili na hitimisho ambayo mantiki ya jadi huihesabu halali, 9 inahitaji kiraka cha aina hiyo, na watu hawakiandiki (nani ataandika "walimu wapo"?).

Sasa, hoja ya kawaida ikija bila kauli hiyo, niihesabu batili, au halali yenye kauli iliyofichika? Na kwenye mchoro, alama ya kuwepo iwekwe kabla ya vivuli au baada?