Aqua, Fit ya haibridi au Note e-Power? Nataka kulipia Ijumaa

Baba Neema
Wakuu, habari za jioni. Nimechoka na gari yangu inavyobwia mafuta, nimeamua kuhamia haibridi, yaani gari la petroli lenye pia mota na betri kubwa ya umeme. Mezani zimebaki tatu: Toyota Aqua, Honda Fit ya haibridi na Nissan Note e-Power. Bei hazipishani sana. Mke wangu anaogopa, na kaka yangu aliyeko Mbeya anasema betri ikifa gari inabaki kuwa banda la kuku. Naomba kujua: inachajiwa kwa umeme wa nyumbani? Mvua kubwa ikinyesha haipigi shoti? Kati ya hizo tatu ipi nichukue? Nataka kulipia Ijumaa.

Kipanga wa Mjini
Mkuu, unataka ushauri lakini hujatupa kitu cha kushikia. Bajeti shilingi ngapi? Unaagiza Japan mwenyewe au unachukua yadi? Ya mwaka gani? Unaishi wapi, kwa siku unatembea kilomita ngapi, lami au vumbi? Familia ya watu wangapi? Na hiyo inayobwia mafuta ni gari gani? Usipojibu haya kila mtu atakutajia gari yake mwenyewe.

Mama Salome
Aqua. Huu mwaka wa tatu natembea nayo Kimara mpaka Posta, asubuhi na jioni, foleni yote unayoijua. Natoka kilomita 19 mpaka 21 kwa lita, AC imewashwa muda wote. Nilikuwa na Toyota IST ya petroli tupu, ilinipa 13, siku ikijitahidi 14. Namwaga oili kwa wakati, nasafisha filta ya betri, basi. Baba Neema, lipia, usitishwe.

Fundi Waya
Nianze na maswali yake, maana haya huwa nayasikia gerejini kila siku.

Hizo tatu zote hazichomekwi ukutani. Zinajichaji zenyewe, kwa injini na kwa breki: ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta, mwendo uliokuwa unapotea kama joto unarudi kwenye betri. Ndiyo maana zinapenda foleni ya mjini kuliko njia ndefu. Kwenye lami ya moja kwa moja hakuna breki za kukanyaga, faida inapungua.

Mvua ya kawaida haina shida. Nyaya za umeme mkubwa zina rangi ya chungwa, zimefunikwa, na kompyuta ikiona umeme unavuja inakata betri yenyewe. Shida ni mafuriko. Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, ya Note iko chini ya viti vya mbele. Ukikuta maji yamefunika barabara pale Jangwani, usijaribu. Subiri au zunguka.

Kuhusu tofauti zake. Aqua ni mfumo wa Prius uliopunguzwa, injini 1.5, betri ya nikeli ya volti 144. Giaboksi yake haina mkanda wala klachi, ni gia za sayari (gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati) zinazounganisha injini na mota mbili, ndiyo maana inavumilia. Note e-Power, iliyotoka Novemba 2016, ni kitu kingine: injini ya 1.2 ya silinda tatu haigusi matairi kabisa, kazi yake kuzalisha umeme, na mota ndiyo inayosukuma gari. Kuiendesha ni raha, inachomoka haraka. Fit iliyotoka 2013 ina giaboksi ya gia 7 yenye klachi mbili. Hiyo ndiyo inayohitaji fundi anayeijua, na hapa Dar hawazidi vidole vya mkono.

Mwana Mvita
Salamu kutoka Mombasa. Nasisitiza hilo la Fit. Hadi Oktoba 2014 Honda ilikuwa imeiita Fit ya haibridi ya muundo huo irudishwe kurekebishwa mara tano huko Japan, na mambo mengi yalikuwa ya programu ya giaboksi. Kwa hivyo ndugu yangu, ukiitaka Fit, omba ushahidi kwamba marekebisho yote yalifanyika. Sisi Kenya haturuhusiwi kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hivyo yanayotufikia ni mapya kidogo. Nyinyi Tanzania mnaingiza hata la miaka 12, na hapo ndipo betri iliyochoka inapowakuta.

Kipanga wa Mjini
Kweli. Ila hata kwetu la zamani lina gharama yake. Gari ikifika miaka 8 kuna ushuru wa ziada wa uchakavu asilimia 15, ikipita 10 unakuwa 30. Baba Neema, kabla ya Ijumaa ingia kwenye kikokotoo cha ushuru cha TRA, mamlaka ya mapato, uweke mwaka halisi wa gari. Wengi wanashangilia bei ya Japan halafu wanalilia bandarini.

Kijana wa Chanika
Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu, kwa sababu miaka miwili iliyopita nilikuwa kama Baba Neema.

Nilinunua haibridi yangu ya kwanza yadi moja hapa Dar. Aina ya gari siitaji maana kosa halikuwa la gari. Mita ilionyesha kilomita 68,000. Nilipoomba karatasi ya mnada wa Japan, ile inayoonyesha hali ya gari na kilomita zake, nikaambiwa imepotea. Nikaona nisiwe msumbufu, gari inang'aa, nikalipa. Miezi mitano mizuri sana. Nikawa nambeba mama kumpeleka kliniki Muhimbili, nusu ya mafuta ya zamani.

Mwezi wa sita, siku ya joto kali pale Gongo la Mboto, dashibodi ikawaka pembetatu nyekundu na taa ya injini. Gari ikaisha nguvu. Fundi wa kwanza akapima kwa mashine, ikaja kodi ya hitilafu P0A80, yaani betri kubwa. Akaniambia seli mbili zimekufa, anabadilisha mbili tu. Nikalipa laki nne na nusu. Wiki saba baadaye taa zilezile. Seli nyingine. Nikalipa tena. Mara ya tatu nikampelekea fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu, akafungua pembeni ya kiti cha nyuma pale feni ya betri inapovuta hewa. Filta ilikuwa imeziba kama godoro. Vumbi la Chanika, nyuzi za viti, na manyoya ya kuku, kwa sababu mwenye gari aliyenitangulia alikuwa anabebea kuku. Betri ilikuwa haipumui. Imepikwa kwa muda mrefu kabla sijaiona mimi.

Yule mzee akanifafanulia kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Seli mpya ukiichanganya na zilizochoka, zile zilizochoka zinaendelea kufa moja moja, na kila mwezi utarudi gereji. Au unasawazisha betri nzima, au unabadilisha nzima. Nilibadilisha nzima, ya kutoka gari iliyopata ajali, na mpaka leo inatembea. Jumla ya yote milioni tatu na ushee. Mama akarudi kupanda daladala miezi miwili kwa sababu yangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Mama Salome
Pole sana mdogo wangu. Mama anaendeleaje sasa?

Kijana wa Chanika
Anaendelea vizuri dada, namshukuru Mungu. Asante kwa kuuliza.

Fundi Waya
Huyo mzee alikupa ukweli. Niongeze: si kila P0A80 ni seli zilizokufa. Kuna wakati vipande vya shaba vinavyounganisha seli vimeota kutu ya kijani, hasa magari ya pwani, na kompyuta inasoma volti vibaya. Unavifungua, unavisafisha, gari inapona. Kwa hiyo kabla hujalipia seli, mwambie fundi afungue betri ukiwa umesimama hapo. Na ukienda kukagua gari, nenda na kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, uweke programu ya Dr. Prius kwenye simu, uone volti za betri gari ikiwa inatembea. Vikundi vya seli vikipishana sana ukikanyaga mafuta, ondoka.

Dereva Ubungo
Jamani, mbona mnajitesa na betri? Afunge mfumo wa gesi asilia. Mimi nina gari ya kawaida, nimefunga mtungi, gharama yangu ya siku imeshuka karibu nusu. Hakuna betri, hakuna feni, hakuna P sijui ngapi.

Kipanga wa Mjini
Na saa unazokaa kwenye foleni ya gesi unazihesabu wapi? Na buti imeliwa na mtungi.

Dereva Ubungo
Mimi najaza usiku, mkuu. Saa sita usiku hakuna foleni. Na mtungi mdogo unaacha nafasi ya begi. Ni kweli ukitoka Dar kwenda mikoani vituo vinaadimika, lakini petroli yako ipo palepale, unabadilisha kwa kitufe. Mimi ni mtu wa teksi, nimefanya hesabu ya miezi 14, nasema ninachokijua.

Mwana Mvita
Ndugu Dereva, mtu wa teksi anatembea kilomita 150 kwa siku. Huyu hatujui anatembea ngapi. Baba Neema yuko wapi?

Baba Neema
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Naishi Goba, kazini Mikocheni, kwenda na kurudi kama kilomita 30. Kutoka nyumbani mpaka lami kuna kipande cha vumbi na mashimo. Watoto wanne. Nina Toyota Harrier ya zamani, injini 2.4, inanipa kilomita 8 kwa lita. Kila Desemba na Pasaka tunakwenda Songea. Bajeti milioni 20 mpaka gari iwe na namba. Naagiza mwenyewe.

Kipanga wa Mjini
Haya ndiyo ulitakiwa kuanza nayo! Sasa tuhesabu. Kilomita 30 kwa siku 26 ni 780 kwa mwezi. Harrier kwa 8 inakunywa lita 97 na nusu. IST au Toyota Fielder ya kawaida, isiyo haibridi, kwa 14, lita 56. Aqua kwa 20, lita 39. Umeona? Kutoka Harrier kwenda gari yoyote ndogo unaokoa kama lita 42. Kutoka hiyo ndogo kwenda Aqua unaokoa lita 17 zaidi tu. Kwa lita ya shilingi 3,000 hiyo haibridi yenyewe inakupa kama 51,000 kwa mwezi, laki sita kwa mwaka. Ukibadilisha betri mara moja, akiba ya miaka kadhaa imeondoka. Kwa kilomita zako, kinachokula hela ni ile 2.4.

Mama Salome
Kaka Kipanga, hesabu yako nzuri lakini umeipa Aqua betri mbovu na IST umeipa afya njema. IST ya zamani nayo ina rejeta, ina giaboksi, ina alteneta. Aqua haina alteneta wala mkanda wa AC. Pedi zangu za breki za mbele sijabadilisha tangu ninunue.

Kipanga wa Mjini
Hilo la breki nakubali. Ila watoto wanne, wazazi wawili na mizigo ya Songea ndani ya Aqua? Haiwezekani, dada yangu. Na tumbo lake liko sentimita 14 tu kutoka chini. Goba mvua za Aprili atakwangua kila siku.

Mzee wa Ruaha
Nimesoma kimya, niseme neno kuhusu safari, maana nimekwenda Njombe na Songea na Prius miaka mingi. Kupanda Kitonga injini inafanya kazi yote, betri inaisha katikati, gari linapanda kwa adabu nyuma ya malori. Usiliogope. Kazi ipo kwenye kushuka. Mteremko mrefu betri inajaa upesi, ikishajaa haipokei tena, breki zinabaki peke yake. Weka gia kwenye B, injini ishikilie gari. Vijana wengi hawajui ile B ni ya nini, wanashuka na D huku breki zinanuka. Na safari ya zaidi ya kilomita 900 ukiwa na watoto wanne, Baba Neema, tafuta gari la viti saba. Ipo Toyota Voxy ya haibridi, injini 1.8 ileile ya Prius.

Baba Neema
Shikamoo mzee. Hiyo Voxy kwa milioni 20 itapatikana?

Mzee wa Ruaha
Marahaba. Hiyo waulize wanaoagiza sasa hivi, mimi langu nilinunua zamani.

Kijana wa Chanika
Kwa mwaka unaokwepa ushuru wa uchakavu nadhani haitoshi mkuu. Angalia Fielder ya haibridi. Ina mfumo wa Aqua, buti ni kubwa, ila bado watoto wanne watabanana nyuma.

Dereva Ubungo
Abaki na Harrier, afunge gesi. Nafasi anayo, kimo anacho, hela inabaki.

Fundi Waya
Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na Dereva kwa nusu. Harrier yako ina hali gani? Injini inakula oili? Jibu hilo kabla ya Ijumaa.

Baba Neema
Inakula kidogo. Kama lita moja kati ya sevisi na sevisi. Mke wangu amesoma uzi wote, anasema tuuze Harrier, tununue Fielder ya kawaida, haibridi tusubiri. Mimi moyo bado uko kwa e-Power, nilijaribu ya rafiki yangu Mbezi, sijawahi kuendesha gari tulivu namna ile. Ijumaa nimeisogeza mpaka mwisho wa mwezi.

Neema ya Tegeta
Samahani kuingilia. Mimi nina Fielder ya haibridi tangu mwaka jana na hakuna aliyewahi kuniambia kuna filta ya betri. Feni nyuma inavuma sana siku hizi, nilidhani ni AC. Iko upande gani?

Fundi Waya
Pembeni ya kiti cha nyuma, tafuta tundu lenye vijiwavu. Likizibwa na begi au nguo, ondoa leo hii. Toa kifuniko taratibu, piga picha ya filta, itume hapa kabla hujaipiga upepo. Na taa yoyote ikiwaka usiendelee kuendesha.

Neema ya Tegeta
Asante kaka. Naenda nje na tochi sasa hivi.